Shokoa ya Uingereza: Posho ya maskini ilipogeuzwa fimbo

Ukikaa barazani jioni huku kwetu Pwani, hukosi kusikia maneno haya: "Uingereza mtu akikosa kazi, serikali yampa pesa akalala." Kila mwenye jamaa yake London au Leicester ana kisa chake cha kutilia nguvu. Asemaye hivyo si mwongo, lakini amesema nusu. Nusu ya pili ndiyo niliyokusudia kuieleza leo, kwa sababu wako ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja, pamoja na Wabajuni na Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia, ambao wanaishi kule chini ya sheria hizo. Tena Kenya nayo inazidi kujenga mipango yake ya kuwasaidia wanyonge, na ni vyema tujue wenzetu walijikwaa wapi.

Wazee wetu wana neno moja ambalo vijana wa leo wanalisahau: shokoa. Ni kazi ya kulazimishwa, isiyo na ujira. Kati ya mwaka 2011 na 2016, serikali ya Uingereza iliendesha mipango iliyowataka watu wasio na kazi, na baadaye hata wagonjwa na walemavu, wafanye kazi bila mshahara, la sivyo wakatwe posho. Wenyewe hawakuiita shokoa. Waliiita mafunzo, uzoefu, msaada wa kurudi kazini. Msomaji ataamua mwenyewe jina lipi linafaa.

Posho yenyewe ni kitu gani

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo posho. Bima ya taifa ilianza Uingereza kwa sheria ya mwaka 1911, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikapanuliwa kufuatia ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942. Mtu akiwa kazini hukatwa sehemu ya mshahara wake. Akipoteza kazi au akiugua, hupewa kitu cha kumshikilia. Kwa hivyo si zaka wala sadaka. Wengi wanaoipokea walishaichangia wenyewe, na wasioichangia hupimwa kipato chao kwanza kabla ya kupewa.

Tangu Oktoba 1996 posho ya asiye na kazi iliambatana na masharti mazito. Sharti mtu aende ofisi ya ajira, iitwayo Jobcentre, kila baada ya wiki mbili, atie sahihi na athibitishe kwamba anatafuta kazi. Mwaka 2012 aliyetimiza miaka 25 alipata pauni 71 kwa wiki, na aliye chini ya hapo pauni 56 na senti 25. Kodi ya nyumba ilisaidiwa kwa njia nyingine. Lakini chakula, umeme, nauli na nguo vyote vilitoka katika hizo pauni 71. Anayeijua bei ya mkate London atafahamu kwamba hapo hakuna wa kulala.

Wagonjwa na walemavu waliwekewa posho yao mpya Oktoba 2008. Kuipata kulihitaji mtu apimwe. Kampuni ya kibinafsi ilipewa kandarasi ya kumhoji mwombaji na kumhesabia alama: waweza kunyanyua mkono, waweza kutembea hatua ngapi, waweza kukaa kitini kwa muda gani. Baada ya hapo watu wakagawanywa mafungu. Waliokutwa wazima waliambiwa watafute kazi. Waliokutwa na hali nzito waliachwa bila sharti la kazi. Kati yao likabaki fungu la watu ambao serikali yenyewe ilikubali kwamba kwa sasa hawawezi kufanya kazi, ila wanaweza kujiandaa kwa siku za mbele. Lishike fungu hilo, tutalirudia.

Mipango ilivyokuja mmoja baada ya mwingine

Wazo halikuanza 2011. Chama cha Labour kilipokuwa madarakani kilileta mpango wa vijana wasio na kazi mwaka 1998, na sheria yake ya mwaka 2009 ilifungua mlango wa kumfanyisha mtu kazi kwa ajili ya posho yake. Lakini aliyeingia mlangoni kwa kishindo ni serikali ya muungano wa Conservative na Liberal Democrats iliyoshika madaraka Mei 2010. Waziri wa Kazi na Pensheni alikuwa Iain Duncan Smith, aliyekaa katika wizara hiyo hadi Machi 2016.

Mwaka 2011 peke yake ilianzishwa mipango kadhaa. Kulikuwa na mpango wa uzoefu wa kazi kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, wa wiki mbili hadi nane, mara nyingi katika maduka makubwa. Kijana aliambiwa ni hiari, lakini akishapita wiki ya kwanza kisha akaondoka, aliweza kukatwa posho. Mei mwaka huo ukaja mpango wa kazi ya lazima, wiki nne, hadi saa 30 kwa wiki. Huo haukuwa na hiari hata kwa jina. Juni ukaanza mpango mkubwa zaidi wa kuwakabidhi waliokaa muda mrefu bila kazi kwa makampuni ya kibinafsi, ambayo yalilipwa kwa kila mtu waliyemfikisha kazini na akadumu. Makampuni hayo nayo yaliweza kumpeleka mtu kazini bila mshahara.

Aprili 2014 ukaongezwa mwingine: wiki 26 za kazi ya jamii, saa 30 kwa wiki, kwa waliotoka katika mpango wa makampuni bila kupata kazi. Piga hesabu: wiki 26 mara saa 30 ni saa 780. Mahakama ya Uingereza ikimhukumu mhalifu afanye kazi ya jamii badala ya kifungo, upeo wake ni saa 300. Mtu ambaye kosa lake ni kukosa ajira alipangiwa zaidi ya maradufu ya mwizi.

Na pauni 71 ukizigawa kwa saa 30 unapata chini ya pauni 2 na nusu kwa saa. Wakati huo, tangu Oktoba 2012, kima cha chini cha mshahara kisheria kilikuwa pauni 6 na senti 19 kwa mtu mzima. Kwa hiyo hata ukisema ile posho ndiyo mshahara, bado mtu alilipwa chini ya nusu ya haki yake.

Fimbo nyuma ya mlango

Nguvu ya mipango hii ilikuwa katika adhabu. Oktoba 2012 adhabu za kukatwa posho ziliongezwa makali. Kwa makosa yaliyohesabiwa mazito, la kwanza ni wiki 13 bila posho, la pili wiki 26, na la tatu lilifika wiki 156, yaani miaka mitatu. Miaka mitatu hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 2019, baada ya waziri aliyekuwapo wakati huo, Amber Rudd, kukiri kwamba haisaidii kitu.

Ofisi ya Ukaguzi wa Hesabu za Taifa ilieleza mwaka 2016 kwamba kati ya 2010 na 2015, karibu robo ya waliokuwa wakipokea posho ya kutafuta kazi walikatwa angalau mara moja. Si wote walikatwa kwa sababu ya kukataa kazi ya bure. Wengine walichelewa miadi, wengine hawakuomba kazi za kutosha kwa wiki. Lakini mtu anapokaa mbele ya karani akijua kwamba neno moja laweza kumwacha mtupu kwa miezi mitatu, akiulizwa "Je, utakwenda dukani wiki nne?" hilo si swali tena.

Zamu ya wagonjwa na walemavu

Sasa lile fungu nililosema tulishike. Tarehe 3 Desemba 2012 serikali iliwapa makarani uwezo wa kuwapeleka watu wa fungu hilo kwenye kazi isiyo na mshahara, tena bila kuweka kikomo cha muda. Atakayekataa hukatwa posho. Watu hao walikwishapimwa na serikali yenyewe na kuandikiwa kwamba hawawezi kufanya kazi kwa sasa. Tarehe 3 Desemba, kama ilivyo kwenye kalenda zetu sote, ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu.

Hapa ndipo mambo yanaponikera zaidi. Ulemavu si kitu kimoja. Yuko mwenye maradhi ya viungo ambaye Jumatatu anatembea na Jumanne hawezi kufunga kifungo cha shati. Yuko mwenye maradhi ya akili ambaye kwa nje humwoni na lolote. Yuko mwenye saratani anayetibiwa. Watu hawa hawahitaji kulazimishwa ndipo wapende kazi. Kinachowazuia ni mwili, ngazi isiyo na njia ya kiti cha magurudumu, basi lisilompokea, na mwajiri asiyetaka kumjaribu. Kumkata posho hakumjengei ngazi.

Mwezi Novemba 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake juu ya Uingereza, nchi ya kwanza kuchunguzwa hivyo chini ya mkataba huo. Ilisema haki za walemavu zilikiukwa vikali au kwa utaratibu kutokana na mabadiliko ya mfumo wa posho na huduma. Serikali iliikataa ripoti hiyo. Na Aprili 2017, waombaji wapya wa lile fungu walipunguziwa karibu pauni 30 kwa wiki.

Watu walivyosema hapana

Wanyonge hawakunyamaza. Februari 2012 lilionekana tangazo la kazi ya usiku katika duka la Tesco, lililoandikwa kama kazi ya kudumu, na mahali pa mshahara pameandikwa posho ya serikali pamoja na nauli. Tesco ilisema ni kosa la uandishi, lakini watu walikuwa wameshaona. Wanaharakati wakasimama nje ya maduka, na baadhi ya makampuni, yakiwemo Sainsbury's na Waterstones, yakajitoa. Kabla mwezi huo haujaisha, serikali ikaondoa adhabu katika mpango wa vijana, isipokuwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Mipango ya lazima ikabaki pale pale.

Mahakamani alikwenda Cait Reilly, msichana aliyehitimu shahada ya jiolojia na aliyekuwa akijitolea katika jumba la makumbusho ili apate kazi ya aina hiyo. Mwishoni mwa 2011 aliambiwa aache, aende Poundland wiki mbili kupanga bidhaa na kufagia, na kwamba akikataa atapoteza posho. Pamoja naye alikuwa Jamieson Wilson, dereva wa malori, aliyekataa miezi sita ya kusafisha samani bila malipo na akakatwa posho.

Tarehe 12 Februari 2013 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni zilizotumika hazikuwa halali, kwani hazikueleza mipango hiyo kama sheria inavyotaka, na watu hawakupewa maelezo ya kutosha. Ungedhani serikali ingewarudishia waliokatwa. Badala yake, mwezi uliofuata ilipitisha bungeni kwa haraka sheria ya kuhalalisha makosa yaliyokwisha kufanyika, ili isilipe deni ambalo yenyewe ililikadiria kufikia pauni milioni 130. Oktoba 2013 Mahakama ya Juu nayo ikakubali kwamba kanuni zile hazikuwa halali. Lakini ikakataa hoja kwamba hiyo ni kazi ya kulazimishwa kwa maana ya mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya, ikiona kwamba sharti hilo limefungamana na posho ya kutafuta kazi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikasema sheria ile ya haraka iliwadhulumu haki ya kusikilizwa wale waliokuwa wamekwisha kukata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo.

Kulikuwa na kesi nyingine pia, ya kutaka majina ya makampuni na mashirika ya hisani yaliyopokea wafanyakazi wa bure. Wizara iliyaficha kwa miaka, ikisema yakitajwa yatajitoa kwa kuogopa lawama na mipango itaanguka. Julai 2016 mahakama iliamuru yatolewe. Jambo ambalo wafanyaji wake wanaona haya kutajwa nalo, wewe mwenyewe walionaje?

Je, ilisaidia?

Watetezi wa mipango hii walikuwa na hoja, na si haki kuzificha. Sisi wenyewe twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walisema kijana aliyekaa mwaka nyumbani husahau kuamka mapema, na mwajiri hutaka kuona mtu aliyewahi kushika kazi. Walisema pia kwamba anayeamka alfajiri kwenda kazini ana haki ya kujua kodi yake haimlishi mvivu.

Ni hoja zenye uzito. Basi tuzipime kwa matokeo. Juni 2012 wizara yenyewe ilichapisha utafiti kuhusu mpango wa kazi ya lazima wa wiki nne, na ukaonyesha kwamba haukumwongezea mtu nafasi ya kupata ajira. Mwezi huo huo serikali ikatangaza kuupanua. Kuhusu mpango mkubwa wa makampuni, kamati ya hesabu ya bunge ilisema mwanzoni mwa 2013 kwamba katika miezi 14 ya kwanza, ni watu 3.6 tu kati ya kila 100 waliofikishwa kwenye kazi ya kudumu, chini ya theluthi ya lengo lililowekwa. Na utafiti wa miaka mitano ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York, uliomalizika 2018, ulikuta kwamba adhabu za kukata posho hazimsogezi mtu kazini. Wengine ziliwasukuma kwenye deni, njaa na maradhi.

Sababu yake haihitaji shahada kuielewa. Duka likipata mtu wa bure wiki nne, na baada yake mwingine wa bure, litaajiri wa nini? Anayepanga mchele rafuni bure anamwondolea nafasi yule ambaye angelipwa kuupanga. Na mtu anayefanya kazi saa 30 kwa wiki atatafuta ajira saa ngapi?

Mwishoni mwa 2015 serikali ilitangaza kwamba mpango wa kazi ya lazima na ule wa wiki 26 havitaendelezwa, na 2016 vikafa kimya kimya. Masharti na adhabu yangalipo katika posho mpya iliyounganisha zile za zamani. Mwenye jamaa kule amkumbushe: barua ya ofisi ya ajira haiachwi bila kusomwa, na uamuzi wa kukatwa posho unaweza kupingwa, kwanza kwa kuomba ofisi iupitie upya, kisha mbele ya baraza la rufaa.

Nasi yatuhusu nini

Waingereza hawakujifunza haya jana. Sheria yao ya maskini ya mwaka 1834 iliwafungia maskini katika nyumba za kazi, na ikataka hali ya mle ndani iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa, ili mtu aogope kuomba. Na walipotutawala sisi walikuja na fikra hiyo hiyo ya kwamba Mwafrika ni mvivu mpaka alazimishwe. Kodi ya kibanda, kipande, na waraka wa Gavana Northey wa mwaka 1919 wa kuwataka machifu wahimize vijana kwenda mashamba ya walowezi, vyote vilitoka huko. Wagiriama walioasi 1914 walikuwa wamechoshwa, pamoja na mengine, na kodi na kutakiwa watoe vibarua.

Ndiyo maana Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 30, yakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na kifungu cha 43 chatoa haki ya hifadhi ya jamii. Leo tuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Tulikuwa na Kazi Mtaani mwaka 2020, ambapo vijana walifagia mitaro na wakalipwa kwa siku. Hiyo ni kazi, kwa sababu ina ujira. Lakini pia tuna vijana wanaofanya atachimenti miezi mitatu bila hata nauli, na tuna wanasiasa watakaoona siku moja kwamba ni rahisi kusema "hizo elfu mbili wazitolee jasho."

Siku hiyo ikifika tuwe na jibu. Kujitolea ni kuzuri. Kuchimba kisima cha mtaa au kumwezekea mjane nyumba ni desturi yetu, na hapana aliyelazimishwa. Lakini ukimtishia mtu njaa, hajajitolea. Kama kuna kazi ya kufanywa, basi kuna mshahara wa kulipwa, na kila aliyekaa chuoni amefunzwa kwamba mfanyakazi hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Na mlemavu aulizwe kwanza anahitaji nini ndipo aweze, si aulizwe kwa nini hawezi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Uingereza iliwanyonga wanyonge wake na haki ikaizuia, ikapita haraka bungeni kuifutia deni hilo sheria. Ndugu yako akirudi likizo kutoka huko na mwanabaraza akamwambia "nyinyi mwalipwa mkilala," muulize taratibu yeye aliyapitaje. Huenda akakusimulia.